Kopo la kuua "seli zombi" baada ya kemo: mama alimeze?

SWALI: "Mama yangu ana miaka 61. Mwaka jana alitibiwa saratani ya titi: upasuaji, mizunguko minne ya ile dawa nyekundu ya kemo (dawa za kuua seli za saratani), minne ya paklitakseli, kisha mionzi. Sasa anameza tamoksifeni ya kuzuia saratani isirudi kila siku pamoja na amlodipini ya presha. Tangu amalize, uchovu haumwachi. Akifua nguo mbili tatu inabidi akae. Kuna mama wa jumuiya yetu ameleta kopo la vidonge lililoandikwa quercetin na fisetin, shilingi 240,000 kwa mwezi, ameze kila siku. Anasema kemo huacha 'seli zombi' mwilini, ndizo zinazomzeesha mama na ndizo zitakazorudisha saratani, na vidonge hivi vinazisafisha. Mimi shuleni nilifundishwa kwamba seli ya saratani ni ile iliyokataa kuzeeka. Sasa seli kuzeeka ni kinga au ni ugonjwa? Na mama ameze, asimeze? Nisingependa kumsumbua daktari kwa jambo la vidonge vya mimea tu."

Ndugu yangu, nianze na jibu, sababu zifuate. Mama asimeze vidonge hivyo. Daktari wake asumbuliwe, tena wiki hii, ila kwa ajili ya uchovu kuliko kwa ajili ya kopo. Mama wa jumuiya yenu hakuyatunga yote: ni kweli kemo huacha seli zilizozeeka mwilini, na ni kweli seli hizo zikikaa muda mrefu hudhuru. Aliteleza pale aliporuka kutoka kwa panya wa maabara hadi kwenye kopo la shilingi 240,000. Na wewe ulifundishwa vizuri. Seli kuzeeka ni kinga dhidi ya saratani. Kinga hiyohiyo ikipitiliza muda wake hugeuka kero, na yote mawili huweza kutokea kwa mgonjwa mmoja, hata ndani ya titi moja.

Hilo jina "zombi" magazeti yamelipenda, lakini linapotosha. Seli hizi hazikufa zikafufuka. Ziko hai, zinakula, zinatengeneza protini, na chini ya hadubini mara nyingi huonekana kubwa na bapa kuliko wenzake. Zilichoacha ni kitu kimoja tu, kugawanyika, na kwa kawaida hazirudi kugawanyika hata uzimwagie kila kichocheo cha ukuaji. Hapo ndipo zinapotofautiana na seli iliyopumzika, kama ya ini, ambayo ini likijeruhiwa huamka na kuanza kugawanyika tena. Zinatofautiana pia na seli iliyojiua, ambayo huvunjikavunjika na kuliwa na jirani zake. Wala uzee wa seli haufungamani na umri wa mwenye mwili. Mtoto anazo. Mwaka 2013 makundi mawili ya watafiti yalizikuta hata kwenye vijusi vya panya, zikitokea mahali viungo vinapochongwa, kisha zikaondolewa kazi ilipokwisha.

Jambo hili lina historia inayosaidia kuelewa swali lako. Kwa nusu karne wanasayansi waliamini kwamba seli ikitunzwa vizuri kwenye chupa itagawanyika milele, kwa sababu Alexis Carrel, daktari Mfaransa aliyefanya kazi New York, alidai kuzikuza seli za moyo wa kifaranga tangu 1912 bila kikomo. Mwaka 1961 Leonard Hayflick na Paul Moorhead, katika Taasisi ya Wistar mjini Philadelphia, wakaonesha vingine: seli za kawaida za binadamu hugawanyika kama mara 50 hivi, kisha husimama. Watu walidhani ni uchafu wa chupa au chakula kibovu. Basi wakachanganya kwenye chupa moja seli za kiume zilizokwisha gawanyika mara nyingi na seli za kike zilizo changa. Baada ya muda zikabaki za kike peke yake. Chakula kilikuwa kimoja na chupa ilikuwa moja. Saa ilikuwa ndani ya seli zenyewe. Wakati huohuo seli zilizochukuliwa mwaka 1951 kwenye uvimbe wa mlango wa kizazi wa Henrietta Lacks, huko Baltimore, zilikuwa zinagawanyika bila kuchoka, na mpaka leo zinagawanyika. Ndicho ulichofundishwa: seli ya saratani imevunja ile saa.

Saa yenyewe ni nini? Ncha za kromosomu (vifurushi vya jeni ndani ya seli) zimefunikwa na vipande vya jeni visivyo na maelezo yoyote, vinavyoitwa telomea, mfano wa ile plastiki ngumu kwenye ncha ya kamba ya kiatu. Kila seli inapogawanyika, telomea hupoteza herufi 50 hadi 200 hivi za msimbo wake. Zikifupika kupita kiasi, seli huziona kama kromosomu iliyokatika na kupiga king'ora. Protini inayoitwa p53 huamka na kufunga breki. Iko breki ya pili, p16, ambayo hukamata mashine ya kugawanyika kwa njia nyingine. Seli changa za kijusi na zile za uzazi zina kimeng'enya cha kurefusha telomea, telomerasi, ugunduzi uliowapatia Elizabeth Blackburn, Carol Greider na Jack Szostak Tuzo ya Nobel mwaka 2009. Seli nyingi za mwili wa mtu mzima zimekizima kimeng'enya hicho. Saratani hukiwasha tena, katika uvimbe 85 hadi 90 kwa kila 100.

Ndiyo maana mtu akikuuzia dawa ya "kurefusha telomea ili usizeeke", mwulize kwanza saratani hurefusha nini.

Lakini telomea ni mlango mmoja tu wa kuingilia uzee. Mlango wa pili ndio unaomhusu mama yako: jeraha kubwa la jeni. Mionzi hukata nyuzi za jeni; doksorubisini, ile dawa nyekundu, huzikata pia. Seli ikijeruhiwa hivyo ina njia tatu: ijitengeneze, ijiue, au isimame kabisa. Saratani ya titi inapotibiwa, baadhi ya seli za uvimbe hufa, na baadhi huzeeka. Lakini dawa hupita mwili mzima, kwa hiyo na seli nzuri za mishipa ya damu, za mafuta, za moyo na za kinga huingia kwenye uzee pamoja nazo.

Mlango wa tatu ndio unaonivutia kuliko yote. Mwaka 1997 watafiti walitia jeni ya saratani iitwayo RAS, iliyokwama kwenye hali ya kuwaka, ndani ya seli za kawaida. Ungetegemea zikue ovyo. Zilisimama. Seli ilipohisi inasukumwa kugawanyika kupita kiasi, ilivuta breki zake yenyewe. Mwaka 2005 jambo hilo likaonekana nje ya chupa, kwenye vile vidoa vyeusi vya mviringo vilivyoota kwenye ngozi yako. Vingi vyake vina badiliko lilelile la jeni ya BRAF linalopatikana kwenye saratani hatari ya ngozi, melanoma. Seli zake ziligawanyika mpaka kidoa kikafika milimita chache, kisha zikazeeka, zikatulia hapo miaka 40 au 50. Kila kidoa cha namna hiyo ni uvimbe uliokatizwa njiani, na watu wengi wanazunguka navyo kwa makumi. Kwa kuwa tumefika hapo: kidoa kikibadilika umbo, rangi au kikitoa damu, kionwe na daktari, na kwa sisi wenye ngozi nyeusi sehemu za kukagua hasa ni nyayo, viganja na chini ya kucha.

Sasa upande wa pili. Mfikirie mlinzi wa geti aliyemwona mwizi. Amefunga geti, na amefanya vyema. Amepiga filimbi kuita wenzake, na hapo pia amefanya vyema. Tatizo ni pale ambapo mwizi ameshakamatwa, kumekucha, wiki imepita, na yeye bado anapiga filimbi. Mtaa mzima haulali.

Filimbi ya seli iliyozeeka ni mchanganyiko wa kemikali ambao Judith Campisi na wenzake huko California waliueleza kwa kina mwaka 2008. Ndani yake mna visisimua uvimbe (ule wa kidonda, si wa saratani) kama interlukini 6 na interlukini 8, mna vichocheo vya ukuaji, na mna vimeng'enya vinavyokata nyuzi zinazoshikilia tishu. Kazi yake halali ni kuita seli za kinga zije zifagie, na kusaidia kidonda kifunge. Panya walioondolewa seli zilizozeeka, vidonda vyao vya ngozi vilichelewa kupona. Jaribio hilo ni la mwaka 2014. Kinga ya mwili ikiwa na nguvu, ufagio hupita na mambo huisha. Kinga ikichoka kwa umri, au seli zikizeeka nyingi kwa mkupuo mmoja, zinabaki. Filimbi ikilia miezi na miaka, tishu jirani hukaa kwenye uvimbe wa chinichini usioonekana kwa macho, nyuzi zake hulegea, na kama jirani kuna seli yenye dosari ya jeni, vile vichocheo vya ukuaji vinakuwa mbolea kwake. Kwa hiyo seli iliyozeeka yenyewe haiwi saratani kirahisi, lakini inaweza kuilea ya jirani.

Wanyama wa kwetu hapa Afrika wametatua fumbo hili kila mmoja kivyake. Tembo ana seli nyingi kupita zetu na angepaswa kuugua saratani mno, ila mwaka 2015 ilibainika ana nakala 20 za jeni ya p53, sisi tukiwa na moja kutoka kwa kila mzazi. Seli yake ikijeruhiwa hujiua haraka. Fuko asiye na manyoya, yule wa chini ya ardhi huko Kenya, Ethiopia na Somalia, ana ukubwa wa panya lakini huishi zaidi ya miaka 30, na saratani kwake ni adimu. Mwaka 2023 watafiti wa Japani waliripoti kwamba seli zake zikizeeka hazing'ang'anii. Hufa zenyewe taratibu. Sisi hatukujaliwa hilo.

Hapo ndipo wazo la "kusafisha" lilipozaliwa, na si wazo la kipuuzi. Mwaka 2011 watafiti wa Kliniki ya Mayo, Marekani, walitengeneza panya ambao seli zao zenye p16 (ile breki ya pili, ambayo huwa alama ya seli iliyozeeka) zingeweza kuuawa kwa kuwapa dawa maalumu. Kwa panya wanaozeeka upesi, misuli, mafuta na macho vilidumu vizuri zaidi. Mwaka 2016 wakarudia kwa panya wa kawaida, na umri wa kati wa kuishi ukaongezeka kwa takriban robo, huku uvimbe wa saratani ukichelewa kutokea. Mwaka 2017 kundi jingine lilijaribu jambo linalofanana na hali ya mama yako: panya waliopewa doksorubisini, kisha wakaondolewa seli zilizozeeka, walikimbia zaidi, mioyo yao ilifanya kazi vizuri zaidi na saratani ilirudi kwa uchache. Wanawake wenye saratani ya titi nao walipimwa: wale ambao seli zao za kinga zilikuwa na p16 nyingi kabla ya kemo ndio waliochoka zaidi baadaye. Na kabla ya hapo, mwaka 2014, ilioneshwa kwamba kemo ya titi hupandisha p16 kwenye seli hizo kwa kiasi ambacho kwa kawaida huchukua karibu miaka 15.

Tafadhali usimwambie mama kwamba sasa ana miaka 76. Hicho ni kipimo cha jeni moja kwenye aina moja ya seli za damu. Kinaeleza kwa nini uchovu wake si uvivu wala si "mawazo tu", na hapo ndipo umuhimu wake unapoishia.

Dawa za kuua seli hizi zilitangazwa mara ya kwanza mwaka 2015. Ujanja wake ni huu: seli iliyozeeka imezungukwa na kemikali kali zinazotoka ndani yake yenyewe, na ili isife imefunga kamba kadhaa za kujiokoa. Ukikata kamba hizo kwa muda mfupi, inaanguka, wakati seli ya kawaida isiyozitegemea inabaki. Watafiti wakachagua dawa mbili: dasatinibu, ambayo ni dawa ya saratani ya damu, na kwasetini (ndiyo quercetin ya kwenye kopo), rangi asilia ya mimea iliyomo kwenye vitunguu na matofaa. Mbili, kwa sababu moja haikutosha. Dasatinibu iliua seli changa za mafuta zilizozeeka, kwasetini iliua za kuta za mishipa ya damu, na kila moja ilishindwa kwa nyingine. Fisetini, ya kwenye stroberi, ilifuata mwaka 2018, kwa panya.

Kwa binadamu safari imekuwa ya kupanda na kushuka. Mwaka 2019 wagonjwa 14 wenye makovu ya mapafu walipewa dasatinibu miligramu 100 na kwasetini miligramu 1,250 kwa siku, siku tatu kwa wiki, wiki tatu. Walitembea vizuri zaidi kidogo, ila hapakuwa na kundi la kulinganisha. Mwaka 2020 dawa nyingine ya aina hii, ya kuchoma ndani ya goti lililochakaa, haikuzidi sindano bandia. Mwaka 2024 wanawake 60 waliokoma hedhi walifuatiliwa wiki 20, nusu wakipewa zile dawa mbili. Kipimo kikuu cha mmomonyoko wa mifupa hakikutofautiana na cha wenzao. Nyingine yenye nguvu kubwa zaidi, navitoklaksi, hushusha chembe za kugandisha damu, kwa sababu chembe hizo nazo hutegemea kamba ileile. Na kuna onyo la panya la mwaka 2020: katika ini, baadhi ya seli zenye p16 ni sehemu ya ukuta wa mishipa na zina kazi. Zilipoondolewa hazikurudi, na ini likaota makovu. Ukiua kila anayepiga filimbi, umeua na walinzi walio kazini.

Turudi kwenye kopo. Halina dasatinibu, na nashukuru halina. Ni dawa inayoweza kujaza maji kuzunguka mapafu na kusababisha kutoka damu, kwa hiyo asitokee mtu akakushauri uitafute uongezee. Lakini bila hiyo, kilichobaki ni nusu ya jaribio. Kwasetini ikimezwa hufyonzwa kidogo sana, na sehemu kubwa hubadilishwa na ini na utumbo kabla haijafika popote. Tena angalia jinsi ya kumeza: kopo linasema kila siku, wakati majaribio yote niliyoyataja hapo juu ya dawa hizi mbili yalitoa kwa mizunguko, siku chache kisha mapumziko, kwa kuwa seli zilizozeeka huchukua wiki kujikusanya upya na hakuna sababu ya kuendelea kupiga mahali palipokwisha pigwa. Aliyeandika maelekezo ya kila siku alikuwa anawaza mauzo ya mwezi ujao.

Ukisikia pia kwamba watampima mama "seli zombi" kabla na baada, kwa mashine ya kushika chuma mkononi, funga mazungumzo. Hakuna kipimo cha kliniki cha jumla ya seli zilizozeeka mwilini. Maabara huzitambua kwa kupaka rangi ya buluu kwenye kipande cha tishu, njia iliyobuniwa mwaka 1995, kisha kuhakikisha kwa alama nyingine mbili tatu, maana hata rangi hiyo hudanganya. Chuma cha mkononi hakioni hata p16 moja.

Umesema "vidonge vya mimea tu". Paklitakseli aliyotundikiwa mama yako ilitoka kwenye gome la mti. Dawa ya saratani ya damu ya watoto, vinkristini, ilitoka kwenye ua la Madagaska ambalo watu hulipanda mbele ya nyumba. Kitu kikitoka kwenye mmea kinaweza kuwa na nguvu au kisiwe nayo, na chenye nguvu hugongana na dawa nyingine. Tamoksifeni ikifika kwenye ini hubadilishwa na vimeng'enya kuwa umbo lake lenye makali zaidi. Kinachozuia vimeng'enya hivyo hupunguza makali hayo. Mfano unaojulikana vizuri ni fluoksetini na paroksetini, dawa za sonona, kwa hiyo mama akiwahi kuandikiwa mojawapo kwa usingizi au joto la ghafla mwilini, amkumbushe daktari kwamba yuko kwenye tamoksifeni. Kwasetini kwa wingi nayo, katika majaribio ya maabara, imeingilia vimeng'enya vya ini, pamoja na kile kinachovunja amlodipini yake. Kuweka rehani dawa inayomkinga kweli, kwa ajili ya dawa ambayo haijathibitika, ni biashara mbaya. Vitunguu kwenye mchuzi havina shida. Gramu 100 zina makumi machache tu ya miligramu. Ale ashibe.

Sasa uchovu, maana huu ndio ugonjwa ulio mbele yetu. Sehemu yake huenda kweli inatokana na hayo niliyoeleza, lakini kabla ya kulaumu seli kuna mambo yanayopimika na kutibika. Aombe picha kamili ya damu, kwa sababu upungufu wa damu peke yake unatosha kumkalisha mtu baada ya nguo mbili. Apimwe sukari, figo, ini na tezi ya shingo. Moyo wake upimwe kwa eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti). Doksorubisini dozi ya kawaida ni miligramu 60 kwa kila mita ya mraba ya eneo la mwili, kwa hiyo mizunguko minne ni 240. Hatari ya moyo kushindwa hupanda haraka jumla ikipita 450 hivi, naye yuko chini ya hapo, ila ana presha na ana miaka zaidi ya 60, na watu wa namna hiyo huumia hata kwa dozi ndogo. Aulizwe pia anavyolala, na kama moyo wake wa ndani una huzuni. Wamama wengi huulizwa kuhusu titi na kuachwa hapo.

Vipimo vikiwa vizuri, tiba yenye ushahidi mkubwa kuliko zote kwa uchovu wa baada ya saratani ni mazoezi, ingawa linasikika kama dhihaka kwa mtu aliyechoka. Aanze na kutembea dakika 10 asubuhi jua halijawa kali, kwa mwendo ambao anaweza kuongea ila hawezi kuimba. Kila wiki aongeze dakika tano, mpaka afike dakika 30, mara tatu kwa wiki. Siku mbili nyingine ainue vitu: chupa mbili za maji za lita moja, au asimame na kukaa kwenye kiti mara 10, apumzike, arudie. Wanachokosea wengi ni kufanya kila kitu siku waliyojisikia vizuri, kisha kulala siku mbili. Kidogo cha kila mara ndicho kinachofanya kazi. Kwa wazee, programu ya mazoezi ya wiki 12 imeonekana hata kushusha alama za uzee wa seli kwenye damu, p16 ikiwemo. Akivimba mkono wa upande aliofanyiwa upasuaji, uzito usimame kwanza mpaka aonwe.

Kuhusu saratani kurudi, kinachomlinda ni tamoksifeni yake, miligramu 20 kila siku kwa miaka 5 walau, na wengine huendelea hadi 10. Akiruka siku mbili tatu kila wiki kwa sababu imeisha au nauli imekosekana, hasara yake ni kubwa kuliko faida ya kopo lolote. Zipo tafiti zinazojaribu kuipiga saratani hatua mbili: kwanza kuizeesha kwa dawa, kisha kuua seli zilizozeeka. Wazo ni zuri kwa sababu baadhi ya seli za uvimbe zilizozeeka, hasa zenye p53 mbovu, huweza kutoroka na kuanza upya. Akialikwa kwenye utafiti wa aina hiyo siku moja, kwa Tanzania uliza kibali cha maadili cha NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa) na idhini ya TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba), na kumbuka mshiriki halipii dawa ya majaribio. Anayekutoza ni muuzaji.

Usisubiri siku ya kliniki haya yakitokea: kukosa pumzi ghafla au maumivu ya kifua, mguu mmoja kuvimba na kuuma kwenye shavu la mguu, kwa sababu tamoksifeni huweza kugandisha damu, nenda hospitali siku hiyohiyo, hata usiku. Miguu yote miwili kuvimba, au kushindwa kulala chali kwa kukosa hewa, ni dalili ya moyo na haingoji wiki. Akitoka damu ukeni, hata tone, aonwe ndani ya siku chache, maana dawa hiyo huweza kuathiri ukuta wa mfuko wa uzazi. Uvimbe mpya kwenye titi, kovu au kwapa, maumivu ya mfupa yanayozidi wiki mbili, macho kuwa ya njano, kichwa kuuma kusikoisha: arudi kwenye kliniki iliyomtibu, iwe Ocean Road, Bugando, KCMC au kwingineko, kwa sababu faili lake liko huko na wao ndio wanaojua alipewa nini na kiasi gani.

Siku mnayokwenda, beba dawa zake zote kwenye mfuko, na kopo hilo pia, hata kama hajafungua. Daktari atasoma lebo mwenyewe. Kama bado limefungwa, mkitoka hapo mrudishieni mama wa jumuiya kwa heshima, mwombe fedha kama mlishalipa, na hizo zisaidie eko na nauli za tamoksifeni.